Sitaiacha Ndege ya Povu

Warushaji wenzangu wa ndege za rimoti wana swali wasilochoka kuniuliza: lini utaachana na hizo za povu ununue ndege ya maana? Wanazungumzia zile za kaboni na faibaglasi, zenye mabawa membamba yaliyotoka kwenye kalibu bila doa, ambazo mwenyewe huzibeba kwa mikono miwili na kuzifunika kwa kitambaa. Mimi huja na glaida ya povu kwapani. Swali lao halina ubaya. Uraibu huu umezoeleka kupangwa kwa madaraja, na povu limewekwa darasa la kwanza, la wanaoanza. Mpangilio huo siukubali hata kidogo. Kadiri ninavyozidi kurusha ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hakuna chombo kinachomfundisha mtu hewa kuliko glaida ya povu, na kwamba wengi huiacha kabla haijawafundisha kile hasa inachokijua.

Glaida ni ndege isiyo na injini ya kuibeba. Ikishatoka mkononi, inashuka. Inashuka muda wote, hata pale unapoiona ikipanda hadi shingo inauma kwa kuitazama. Nalisisitiza hili kwa sababu ndipo utamu wote ulipo. Glaida ya povu yenye mita 2 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine hushuka kama nusu mita kila sekunde katika hewa iliyotulia. Ikiingia kwenye hewa inayopanda mita moja kwa sekunde, bado inaendelea kushuka ile nusu mita ndani ya hewa hiyo, ila hewa inaibeba kwa kasi kuliko inavyoanguka, na wewe uliye chini unaona inapaa. Mrushaji haipandishi ndege. Kazi yake ni kuitafuta hewa inayopanda na kukaa ndani yake kadiri awezavyo. Na hewa haionekani.

Kuna watu waliolipa gharama kubwa ili tuyajue haya. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyewachunguza korongo kwa miaka mingi, alijenga kilima chake mwenyewe karibu na Berlin mwaka 1894, chenye kimo cha mita 15 hivi, ili aweze kuruka akiukabili upepo hata ukivuma kutoka upande gani. Alifariki Agosti 1896, siku moja baada ya glaida yake kuishiwa mnyanyuko, yaani nguvu ya hewa inayoibeba ndege, na kuanguka naye. Mwaka 1920 vijana wa Kijerumani walianza kushindana kwa glaida katika mlima wa Wasserkuppe, wakati mkataba wa Versailles umeibana nchi yao kwenye ndege za injini. Kwa miaka kadhaa walichokitegemea zaidi ni upepo unaopanda mteremko. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920, marubani kama Robert Kronfeld walipoanza kubeba variometa, kifaa kinachoonyesha kama ndege inapanda au inashuka, ndipo walipoweza kuondoka mlimani na kuifuata hewa ya joto juu ya nchi tambarare. Anayejifunza kwa glaida ya povu hupita njia ileile: kwanza mteremko, kisha joto la jua.

Povu ninalolisema si lile jeupe la kufungashia televisheni, linalomeguka punje punje. Lile ni polistirini, na bado lina kazi yake ndani ya mabawa yanayovikwa ngozi ya mbao au faiba. Kwenye glaida zetu yanatawala mawili. EPP ni polipropilini iliyovimbishwa, nyenzo ileile inayowekwa ndani ya bampa za magari ili imeze mgongano. Ukiikunja inarudi, ukiitupa ukutani inadunda. EPO ni gumu kidogo na uso wake ni laini zaidi, ndiyo maana viwanda vingi vinalipenda. Glaida iitwayo Radian, yenye mabawa ya mita 2, ni ya EPO. Watengenezaji Multiplex wana povu lao wanaloliita Elapor, na EasyGlider yao imefunza watu wengi sana.

Katika miaka ya 1990 warushaji wa milimani huko Marekani walianza kukata mabawa ya EPP kwa waya wa moto, wakayaviringishia tepu yenye nyuzi, kisha wakaanza kugonganisha ndege zao angani makusudi. Iliyoangushwa iliokotwa, ikakaguliwa sevo (mota ndogo zinazosogeza vibao vya kuiongozea ndege), ikarushwa tena. Wako waliouona mchezo ule kuwa wa kihuni. Mimi nauona kuwa ndio uliofungua mlango, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuipeleka ndege yake mahali pa hatari bila moyo kumdunda kwa sababu ya kazi ya miezi iliyomo ndani ya mabawa yake.

Mahali pa hatari ndipo hewa inapozungumza. Upepo ukigonga kilima, ule unaopanda kwa nguvu zaidi hupita karibu na ukingo, mita chache kutoka kwenye nyasi. Safu ya hewa ya joto inapoanza kujiinua kutoka ardhini, huwa bado nyembamba na ya vurugu, na wa kuikuta hapo ni yule anayethubutu kuzunguka chini. Mwenye ndege ya kaboni ya thamani kubwa ana haki kabisa ya kukaa mbali na maeneo hayo. Huruka juu, hewa imeshatulia, mduara ni mpana na salama. Anaruka vizuri, lakini sehemu ile ya chini, yenye mafunzo mengi kuliko zote, haigusi. Mwenye povu huingia, hutikiswa, hujifunza na hutoka.

Hata ikianguka, mara nyingi hakuna msiba. Pua ya EPO iliyobonyea inatibika kwa maji ya moto. Chemsha maji, ondoa betri na vifaa vya umeme, shika ndege pua ikiangalia chini juu ya sinki, mimina polepole pale palipobonyea. Baada ya sekunde chache unaona punje zinaanza kuvimba moja moja, mkunjo unafunguka, na umbo la pua linarudi karibu na lilivyokuwa. Uso hubaki na vipele, sawa, lakini hewa haijali vipele vya puani kama inavyojali bawa lililopinda. Ufa unazibwa kwa supaglu, na sehemu inayobeba mzigo huongezewa ufito wa kaboni. Angalizo moja: povu na joto si marafiki. Usiiache glaida ndani ya gari lililofungwa juani, hasa ikiwa ina rangi nyeusi au bluu iliyokoza. Utaikuta na malengelenge na bawa lililojikunja, na hilo huwezi kulinyoosha kwa maji.

Upande wa redio sitakaa sana, kwa sababu siku hizi mambo ni mepesi. Ndugu wawili mapacha, Walter na William Good, walirusha ndege ya kuongozwa kwa redio huko Michigan mwaka 1937, kwa vifaa vizito vya zama hizo. Kwa miongo mingi baada ya hapo ilibidi warushaji waliopo uwanjani wagawane masafa, kwa kuwa wawili wakiwasha masafa yaleyale ndege moja ilikwenda chini. Rimoti za gigahezi 2.4 zilimaliza tatizo hilo. Unachotakiwa kukumbuka ni kuwasha rimoti kabla ya ndege, kujaribu umbali wa mawimbi, na kutazama kama kila kibao kinaelekea upande unaotakiwa kabla ndege haijatoka mkononi.

Nitakapokaa ni kwenye kitovu cha uzito, yaani pale ndege inaposimama sawa ukiibeba kwa ncha za vidole, kwa sababu hapo ndipo glaida nyingi za povu hunyamazishwa. Kijitabu cha kiwandani hukuambia usawazishe ndege mahali fulani, mara nyingi kama theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, au mbele kidogo ya hapo. Kiwanda hukuchagulia salama. Pua nzito huifanya ndege ijirekebishe yenyewe: ikiongeza kasi inainua pua, ikipunguza inaishusha. Kwa siku za kwanza hilo ni jema. Lakini ndege ya namna hiyo inaficha habari. Ikipita kwenye hewa inayopanda, hubadilisha mwendo kidogo tu na kuendelea na safari, na mrushaji hakuona kitu.

Kuna jaribio la kuujua ukweli. Chagua asubuhi isiyo na upepo, panda juu vya kutosha, iweke ndege ielee sawa bila kushika vijiti vya rimoti. Kisha ishushe pua kama nyuzi 45 na uachie. Ikinyanyuka haraka na kutoka kwenye mbizi hiyo yenyewe, pua ni nzito. Ikizidi kuinamia chini, mkia ni mzito, iokoe mara moja. Ikiendelea na mstari ule huku ikiinuka taratibu, uko pazuri. Sogeza betri nyuma milimita mbili au tatu, rekebisha eleveta (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua), rudia. Usiruke hatua, maana mkia ukizidi uzito ndege haishikiki. Siku utakapofika mahali pake, utashangaa. Ndege ileile uliyoizoea inaanza kukujulisha kila kitu: mkia unainuka kidogo inapoingia kwenye hewa nzuri, bawa moja linasukumwa juu na hewa iliyo pembeni, mwendo unabadilika pale hewa inaposhuka. Hapo ndipo watu wengi hudhani wameishiwa na cha kujifunza na kuiuza, ilhali ndege ndiyo kwanza imeanza kusema.

Mlimani, upepo wa kilomita 15 hadi 25 kwa saa, unaogonga mteremko moja kwa moja, unamtosha anayeanza na glaida nyepesi. Hewa inapokutana na kilima hufanya kama maji ya mto yanapokutana na jiwe: mbele yanainuka na kupita laini, nyuma yanazunguka na kujipiga. Kwa hiyo mbele ya ukingo ni peponi, na nyuma yake kuna mzunguko unaoweza kuikandamiza ndege chini bila taarifa. Simama mbele kabisa panapokuwa salama kusimama, upepo ukikupiga usoni sawasawa. Kama unakupiga shavu moja zaidi, mteremko huo haufai leo, tafuta mwingine.

Sasa kurusha. Shika kiwiliwili chini ya mabawa, pua iwe sawa na upeo wa macho au chini kidogo. Kabla hujaachia, tayari unaisikia mkononi: uzito unapungua, bawa la kushoto linavuta, la kulia linajibu, vidole vinaachiwa kazi ndogo tu ya kuizuia isiondoke. Isukume mbele, usiirushe juu. Anayeirusha juu huimalizia mwendo, nayo bila mwendo haina mnyanyuko. Ukiisukuma vizuri hutelemka kidogo, hushika kasi, kisha hewa ya mteremko huipokea, na unaiona ikipita juu ya kiwango cha macho yako wakati wewe hujavuta kijiti. Napenda sana sekunde hizo. Sijawahi kuzizoea.

Kutoka hapo unakwenda kushoto na kulia sambamba na ukingo, na kila kona unageukia nje, upande unakotoka upepo. Ukigeukia kilimani, upepo unakuongezea mwendo kuelekea ardhini, na nafasi ya kusahihisha ni ndogo. Ndege inapokujia usoni, kushoto na kulia huonekana vimegeuka, na hapo wanaoanza hupatwa na kigugumizi cha vidole. Dawa yake ni rahisi: bawa lililoinama, sukuma kijiti upande wa bawa hilo, kama unalitegemeza. Litasimama. Anayeanza achague glaida ya usukani wa mkia na eleveta, yenye mabawa yaliyopinda juu kwenye ncha, kwa sababu hujinyoosha yenyewe vijiti vikiachiwa. Za eleroni, vibao vya kwenye mabawa, zina wakati wake.

Hewa ya jua ni shule nyingine, na ngumu zaidi. Jua halipashi ardhi kwa usawa. Udongo uliolimwa, miamba, lami na nyasi kavu hupata moto haraka kuliko msitu au maji. Hewa iliyo juu yake hupata joto, huwa nyepesi, hujikusanya, kisha hung'oka na kupanda. Na ikipanda, hewa ya pembeni huja kujaza nafasi. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ninayoitegemea, nayo inasikika shingoni kabla ya kuonekana popote. Upepo uliokuwa ukinipiga usoni unalegea. Kunakuwa na ukimya, joto linaongezeka ghafla. Halafu unaanza kuvuta kutoka mgongoni. Kitu kinapanda mbele yangu, na upepo ninaousikia unakimbilia huko. Naielekeza glaida upande huo.

Mwewe na tai wanaozunguka bila kupiga mabawa wanakuonyesha wazi, na sijaona mwalimu bora. Mbayuwayu nao wakianza kufanya vurugu mahali pamoja, kuna wadudu waliobebwa juu, na wadudu hao hawakupanda wenyewe. Ndege yangu ikifika, naangalia ncha za mabawa. Ikiinuka ya kulia, safu iko kulia, nageukia huko, ingawa ndege yenyewe inasukumwa kushoto na inataka kwenda kushoto. Wengi huiacha iende, ndipo wanapoikosa. Geukia bawa lililoinuliwa. Ukiona upande mmoja wa mduara unapanda vizuri kuliko mwingine, sogeza mduara wote upande huo. Na kumbuka safu hiyo inasafiri na upepo. Ukibaki palepale ulipoikuta, itakuacha.

Hapo busara inahitajika. Hewa nzuri huibeba glaida mbali na juu hadi inakuwa nukta, na povu jeupe hupotea haraka kwenye wingu jeupe. Weka rangi kali chini ya mabawa, moja nyeusi au nyekundu, mradi mbele na nyuma vitofautike. Usiiache itoke machoni. Katika nchi nyingi kikomo ni kama mita 120 kutoka ardhini, kwa hiyo zijue sheria za unaporushia kabla hujafurahia mwinuko. Ukitaka kutoka kwenye hewa inayokataa kukuachia, usipige mbizi ya moja kwa moja, maana mabawa ya povu hutetemeka kwa kasi kubwa na yanaweza kukunjika. Ondoka kwenye safu, tafuta hewa inayoshuka pembeni yake, ipo siku zote.

Glaida nyingi za povu sasa zina mota ndogo puani na propela inayojikunja ikizimwa. Wako wanaoona ni udanganyifu. Mimi siwaelewi, kwani mota hiyo inampa aliye kwenye nchi tambarare kile ambacho mwenzake anapewa na kilima. Suala ni namna unavyoitumia. Mashindano ya F5J, ya glaida zenye mota, yamelitatua vizuri: mota inaruhusiwa sekunde 30 tu mwanzoni, kifaa kinarekodi urefu uliofikiwa, na kila mita inakatwa nusu pointi hadi mita 200, na zaidi ya hapo pointi 3 kwa kila mita. Anayejua kusoma hewa huzima mota mapema, akiwa chini sana, na kuutafuta ushindi kwenye joto. Hata asiyeshindana anaweza kujiwekea kanuni hiyo. Panda mita 60, zima, fanya kazi. Utajifunza kwa wiki moja kuliko msimu mzima wa kupanda hadi juu na kuteremka taratibu.

Siwezi kusema povu halina mipaka. Upepo ukiwa mkali, ndege nyepesi haiendi mbele, inaning'inia palepale au inarudishwa nyuma. Kuongeza vipande vya madini ya risasi karibu na kitovu cha uzito husaidia kiasi. Bawa la povu hupinda pale la kaboni linapokaza, na kwenye mashindano ya F3F, ambako glaida hupita mita 100 mara 10 mbele ya mteremko kwa kushindana na saa, anayeleta povu hatashinda. Wako pia wanaochukua nishati kutoka kwenye tofauti ya kasi kati ya upepo wa juu ya kilele na hewa iliyotulia nyuma yake, kanuni ambayo mwanafizikia Lord Rayleigh aliieleza mwaka 1883 na ambayo albatrosi, ndege wa baharini, huitumia juu ya mawimbi ya bahari. Kwa njia hiyo glaida ya rimoti isiyo na injini ilipita kilomita 880 kwa saa huko California mwaka 2021. Nawaheshimu sana. Bawa la povu kwenye kasi ile lisingebaki kipande.

Lakini anayeruka kwa namna ile ameujua mpaka kati ya hewa mbili kwa usahihi wa ajabu, na elimu hiyo huanzia chini, karibu na nyasi, ambako ndege hutikiswa na kuanguka na kuinuliwa tena. Kwa hiyo wanaoniuliza lini nitanunua ndege ya maana, nawaomba wafanye jambo moja: waitoe stoo ile glaida yao ya povu waliyoianzia, wafanye jaribio la mbizi, wasogeze betri nyuma taratibu hadi ndege ianze kusema, kisha wairushe chini, kwa mota iliyozimwa mapema. Kisha tuzungumze.

Kwa sasa mezani pangu kuna ndege isiyo na mkia, bawa tupu la EPP lenye mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha, ambalo nimelikata kwa waya wa moto. Fito za kaboni zimeshaingia, gundi inakauka, na bado sijaamua kama sevo zikae ndani ya bawa au juu yake. Nikilifikisha mlimani nitaeleza jinsi nilivyokipata kitovu chake cha uzito, kwa sababu bawa lisilo na mkia lina masharti makali zaidi hapo, na kuna mambo kadhaa kulihusu ambayo vijitabu huyapita haraka mno.